Nani Kaiapisha Mizani?

Kila Jumatatu asubuhi, katika makundi ya WhatsApp ya watu wanaopunguza mwili, hutumwa picha ya aina moja: vidole kumi vya miguu, kioo cheusi chini yake, na katikati namba inayowaka. Uso haupo, kiuno hakipo. Namba ikiwa ndogo kuliko ya Jumatatu iliyopita, pongezi humiminika. Ikiwa kubwa, mwenye vidole huandika utetezi mrefu kuhusu harusi ya Jumamosi na pilau ambayo asingeweza kuikataa mbele ya wakwe. Kisha hujitokeza mmoja, kwa kawaida yule ambaye wiki hiyo amepungua, akaufunga mjadala kwa maneno mawili: mizani haidanganyi.

Kauli hii sasa ina nguvu ya sheria. Inasemwa gym, inasemwa saluni, inasemwa na mashangazi kwenye vikao vya familia. Kijana anayekaa kando ya barabara Nairobi, au jirani na kituo cha daladala Dar es Salaam, mizani ya nyumbani ameiweka juu ya lami iliyoinama akiwapima wapita njia kwa sarafu chache, anakula kwa imani hiyo hiyo. Mteja huvua viatu, hupanda, husoma, huguna, hulipa, huondoka. Hakuna anayeuliza mizani yenyewe ilipimwa lini.

Wenye imani hiyo wapewe haki yao kwanza. Wanasema kioo cha ukutani humpendelea anayejitazama. Ndugu humpendelea zaidi, maana hata aliyeongezeka kupita kiasi ataambiwa amenawiri. Nguo nazo huachiwa na fundi, na suruali za lastiki hazina habari na mtu. Namba peke yake haina undugu na yeyote. Kisukari na shinikizo la damu vinaongezeka mijini, unene umo kwenye orodha ya visababishi, na anayejipima kila asubuhi huona mwendo kabla mkanda haujamwambia. Tena wana ushahidi mkononi. Marekani, tangu 1994, watafiti wanaendesha daftari la kitaifa la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa bila kuzirudisha kwa mwaka mmoja au zaidi. Robo tatu yao hujipima angalau mara moja kwa wiki.

Si hoja ya kijinga. Imesimamishwa tu juu ya kifaa ambacho wanaokiapia hawakijui, hawakitunzi, wala hawajawahi kukiuliza swali la pili.

1. Namba ile ni ya nini hasa?

Swali hili lilichunguzwa zamani, na mtu aliyekuwa na subira kuliko kundi lolote la WhatsApp. Santorio Santorio, tabibu wa Kiitalia aliyefundisha Padua, alijitengenezea kiti kilichoning'inia kwenye mizani. Alikula juu yake, akafanya kazi juu yake, na kwa takriban miaka 30 akapima kilichoingia mwilini mwake na kilichotoka. Kitabu chake kilichapwa mwaka 1614. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya alichokula na kunywa haikuonekana chooni. Ilitoka kimyakimya, kwa pumzi na kwa ngozi. Mwili, kwa maneno mengine, unabadilika uzito saa zote, hata mwenyewe akiwa amelala fofofo.

Lita moja ya maji ina kilo moja. Anayekunywa lita ya maji na kupanda mizani amepata kilo papo hapo, na anayekwenda haja ndogo ameipunguza bila kufunga wala kukimbia. Samaki wa chumvi wa jana usiku huyashikilia maji mwilini hadi kesho. Wanawake wengi huongezeka kilo moja au mbili siku za kabla ya hedhi, kisha zikaondoka zenyewe. Yote haya husomeka kwenye kioo kile kile, kwa tarakimu zile zile, na husomwa kama "nimenenepa" au "nimepungua".

Kuna na siri ya wiki ya kwanza, ambayo imewatajirisha wengi. Ini na misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glaikojeni, karibu nusu kilo kwa mtu mzima, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha ugali, wali na chapati kwa siku chache, akiba hiyo hutumika na maji yake huondoka. Kilo mbili zinaweza kupotea huku mafuta ya tumboni yakiwa yametikiswa kidogo tu. Ndiyo sababu karibu kila mlo wa ajabu unaouzwa mitandaoni "unafanya kazi" wiki ya kwanza, na ndiyo sababu picha za vidole hupigwa wiki ya kwanza. Chapati zikirejea, maji hurejea nazo, na lawama humwangukia mhusika kwamba hana nidhamu. Ramadhani inaonyesha jambo hilo hilo: tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinaonyesha watu wengi hupungua kilo moja hivi kwa mwezi, na sehemu kubwa hurudi wiki chache baada ya Idi.

Upande wa pili wa hesabu unachekesha zaidi. Kilo moja ya mafuta mwilini hukadiriwa kuwa na kalori 7,700. Gramu 100 za unga wa sembe zina kalori 360 hivi. Anayeamka Jumapili na kulia kwamba harusi imempa kilo mbili za mafuta anadai, kwa hesabu, kwamba usiku mmoja alikula mlo wake wa kawaida wa siku nzima na kuongeza juu yake ugali wa kilo nne na ushei za unga. Wakwe wangekuwa bado wanasimulia.

Kwa kuwa mizani haitofautishi mafuta na maji, njia ya mkato ya kuifurahisha ni kukausha maji. Chai nyingi za "kupunguza tumbo" zina sanamaki, dawa ya kuharisha inayojulikana pwani tangu enzi za majahazi. Humpeleka mtu msalani mara nne, humtoa maji na madini, na mafuta huyaacha yalipokuwa. Mizani hutabasamu. Mwaka 1997, katika muda wa wiki chache tu, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki wakijikausha maji ili wafikie uzito wa daraja lao. Walivaa nguo za kuzuia hewa na kufanya mazoezi kwenye joto huku wakikwepa kunywa. Kanuni za mchezo huo zilibadilishwa baada ya vifo hivyo. Kwa vipimo vya mizani, vijana wale walikuwa wanaendelea vizuri.

2. Inadanganya, na nyingine zimeundwa zidanganye

Mtu hupanda mizani ya kidijitali ikasema 78.4. Hushuka, hupanda tena: 78.4. Mara ya tatu: 78.4. Hapo imani hukamilika. Asichokijua ni kwamba baadhi ya mizani za nyumbani zina kumbukumbu ndogo ya hila: zikiona uzito wa pili uko karibu na ule wa kwanza, hurudia namba ya kwanza ili mnunuzi asione zikiyumba. Mtengenezaji anajua kwamba mizani inayosema 78.4, kisha 78.7, kisha 78.2 itarudishwa dukani, hata kama ndiyo iliyo mkweli. Kuinasa ni rahisi. Mtu ajipime, ashuke, achukue chupa ya maji ya nusu lita, apande nayo. Ikisema 78.4 ile ile, yenye hila ni hiyo. Dawa yake ni kupimwa kwanza kitu kingine kizito, kama ndoo ya maji, kumbukumbu ikabadilika, ndipo mtu apande upya.

Halafu kuna ile nukta baada ya namba nzima. Gramu 100 zinazoonyeshwa humfanya msomaji aamini kwamba mashine inaziona gramu 100. Kuonyesha na kuona ni mambo mawili. Mizani inaweza kuandika nukta nne kwa ujasiri ilhali kosa lake ni nusu kilo upande huu au ule, na vijitabu vya baadhi ya mizani hulikiri jambo hilo kwa herufi za kutafutwa kwa tochi. Mzazi anayempima mtoto nyumbani kwa kujipima naye kifuani, kisha kutoa uzito wake mwenyewe, anaingiza kosa hilo mara mbili. Mtoto wa miezi minane huongezeka gramu 300 hivi kwa mwezi. Anaweza kuwa ameacha kabisa kukua na mizani ya nyumbani ikamsifu, au anakua vizuri na ikamtia mama yake kiwewe.

Sakafu nayo ina neno lake. Mizani ya kidijitali ikiwekwa juu ya zulia, miguu yake huzama, tumbo la mizani hugusa manyoya, na sehemu ya uzito hupita pembeni bila kupimwa. Mizani ya mshale hukosea kwa njia yake, kwa sababu kitako chake hupinda tofauti kwenye sakafu laini. Kwenye vigae vilivyopishana kimo, mguu mmoja hubaki hewani. Na sakafu ya bafu, kwa ustadi wa fundi, hujengwa ikiinama kuelekea tundu la maji. Katika nyumba nzima, chumba kilichoteuliwa kuitunza mizani ndicho kilichojengewa sakafu isiyo sawa kwa makusudi.

Hata mahali nyumba ilipo duniani pana athari. Mizani ya nyumbani hupima mvuto, kisha huutafsiri kuwa kilo. Mvuto hupungua kadiri mtu anavyosogea kwenye ikweta na kadiri anavyopanda juu. Mizani iliyorekebishwa London ikapandishwa Nairobi, mji ulio karibu na ikweta na zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, itamsoma mtu wa kilo 80 pungufu kwa karibu gramu 300, bila yeye kuacha hata kitumbua kimoja. Mizani ya zamani ya zahanati, yenye vizito vya kusogeza kwenye mkono wa chuma, haina tatizo hilo, kwa kuwa hulinganisha uzito na uzito. Ndiyo hiyo inayotupwa stoo kwa kuwa haina kioo.

3. Hakimu anayedekiwa pamoja na sakafu

Ukinzani mkubwa wa waumini wa mizani uko kwenye namna wanavyoishi nayo.

Fundi akiigeuza mizani ya kioo na kufungua kifuniko kwa bisibisi, hukuta vitu vichache mno. Kila mguu kati ya minne umebeba kipande chembamba cha chuma. Juu ya chuma kimegandishwa kinyuzi kinachopitisha umeme, na nyaya za rangi hutoka pembeni kwenda kwenye bodi ndogo iliyo katikati. Mtu akipanda, chuma hupinda kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kinyuzi huvutika, ukinzani wake wa umeme hubadilika kidogo sana, na bodi hiyo huyageuza mabadiliko hayo kuwa kilo. Hakuna zaidi. Usahihi wote unaosifiwa unategemea gundi, kinyuzi na chuma kinachotakiwa kurudi sawasawa kilipokuwa.

Sasa kifaa hicho huwekwa wapi? Katika nyumba nyingi choo, bomba la mvua na sinki viko chumba kimoja. Mvuke wa maji moto hupanda na kushuka juu yake kila asubuhi. Sakafu hudekiwa kwa maji na dawa ya klorini, na mizani hudekiwa papo hapo, pengine huinuliwa na kusimamishwa ukutani ikidondosha maji kwa ndani. Mombasa, Tanga na Unguja, hewa yenyewe ina chumvi. Fundi anapoifungua hukuta kutu kwenye viungo vya nyaya, na mahali pa betri pana ukoko mweupe wa betri iliyovuja. Kabla haijafa, mizani ya hivi huwa imetumia miezi ikitoa namba za kubuni, na kila namba ilipokewa kwa furaha au kwa machozi.

Kuna na ndoo. Ndoo ya nguo chafu, au beseni, huwekwa juu ya mizani kwa kuwa ni mahali bapa. Chuma kilichobebeshwa mzigo siku nzima hakirudi mara moja kilipokuwa. Mizani nyingi za kidijitali, zikishasogezwa au kusimamishwa, huhitaji kukanyagwa mara moja, kuachwa hadi zionyeshe sifuri, ndipo zipandwe. Asiyefanya hivyo husoma namba iliyoanza kuhesabiwa kutoka mahali pasipo sifuri. Betri ikichoka, namba huyumba kabla alama ya betri haijawaka. Haya yote yameandikwa kwenye kile kijitabu kilichotupwa pamoja na boksi.

Watu hao hao, wakifika buchani, ni wakali. Macho yao hayabanduki kwenye mizani ya muuza nyama, na wakihisi kidole chake kimeegemea sahani, sauti hupanda. Tanzania ina Wakala wa Vipimo, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo hukagua mizani za biashara na kuzigonga muhuri. Mfanyabiashara anayepunja huadhibiwa. Gramu 50 za nyama zina sheria, mkaguzi na faini. Kilo moja na nusu ya mwili wa mtu, inayoamua atakula nini mchana na atajionaje jioni, haina hata anayeiuliza.

Wataalamu wa vipimo hawakuiamini hata kilo yenyewe. Kwa zaidi ya karne moja kilo ya dunia ilikuwa kipande cha madini kilichofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Ilipolinganishwa na nakala zake, zikaonekana zimepishana kwa mikrogramu 50 hivi, uzito ambao hauhisiki mkononi. Mwezi Novemba 2018 wajumbe walikutana Versailles wakapiga kura kukiacha kipande hicho, na tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na kanuni za fizikia. Bafuni, mizani iliyonyeshewa tangu masika yaliyopita haijatiliwa shaka.

Kuikagua hakuhitaji maabara. Dumu la lita 20 likijazwa maji hadi alama yake lina kilo 20 za maji, na dumu lenyewe hupimwa tupu dukani. Mtu hujipima, hujipima tena amelibeba, hutoa. Jibu lisipokaribiana na uzito wa dumu na maji yake, mizani ipelekwe mahali pakavu palipo sawa, ibadilishwe betri na kujaribiwa tena. Ikikosea kwa kiasi kile kile kila mara, angalau mwenyewe atajua ni kiasi gani. Ikikosea kila mara kwa namna mpya, imekwisha.

Gharama mbili nyingine hazitajwi dukani. Kioo kilicholowa huteleza, na mizani inayokanyagwa ukingoni huinuka upande wa pili na kumwangusha aliyepanda, kwenye chumba chenye sinki na kona za vigae. Na zile betri bapa za mviringo zinazochomolewa na kuachwa juu ya dirisha: mtoto akimeza moja ikakwama kooni, inaweza kuchoma umio vibaya ndani ya saa mbili. Hupelekwa hospitali hapo hapo, bila kusubiri dalili.

4. Mizani "yenye akili"

Aliyeshindwa hoja kwenye kilo hukimbilia mizani ya kisasa, inayoungana na simu na kutoa asilimia ya mafuta, ya maji, ya misuli, uzito wa mifupa, na "umri wa mwili". Inavyofanya kazi ni hivi: hupitisha umeme hafifu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, hupima ukinzani, kisha huchanganya namba hiyo na urefu, jinsia na miaka ambayo mtumiaji ameiandika mwenyewe. Yanayobaki ni makisio ya kanuni. Umeme hupita hasa miguuni na chini ya kiuno. Kitambi, ambacho ndicho kilichomtia mtu hofu, hukisiwa kwa mbali.

Asiyekunywa maji ya kutosha huonekana ana mafuta zaidi. Mwenye magaga na nyayo kavu huonekana ana mafuta zaidi, kwa kuwa ngozi ngumu huuzuia umeme. Katika mizani zenye chaguo la "mwanariadha", anayebonyeza chaguo hilo hupungukiwa na mafuta papo hapo, akiwa amesimama pale pale. Ni mazoezi ya kidole kimoja. Wenye betri ya moyo na wajawazito huonywa wasiitumie, onyo ambalo liko kwenye kile kijitabu.

Simu nayo humletea kipimo cha uwiano wa uzito na urefu na kumpaka rangi ya kijani, njano au nyekundu. Hesabu hiyo ilibuniwa na Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, aliyekuwa mtaalamu wa nyota na takwimu. Alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani" wa taifa, na daktari hakuwa. Ancel Keys aliipa jina lake la sasa mwaka 1972. Haijui misuli na mafuta, wala haijui mafuta yamekaa wapi, na Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2004 kwamba watu wenye asili ya Asia huingia hatarini mapema, kuanzia 23 badala ya 25. Familia nyingi za Mombasa, Unguja na Upanga zinahusika moja kwa moja, lakini rangi ya kijani kwenye simu haiulizi babu alitoka wapi. Futi ya fundi cherehani ikizungushwa kiunoni hueleza zaidi: kwa viwango vya shirika hilo hilo, hatari huanza kupanda sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na huwa kubwa zaidi 102 na 88. Haina betri. Labda ndiyo maana haina kundi.

5. Pongezi kabla ya daktari

Gharama kubwa kuliko zote imejificha kwenye zile pongezi.

Eneo hili la dunia lina kumbukumbu ya uzito ambayo watangazaji wa mizani hawaijui. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari juu ya ugonjwa mpya nchini Uganda, ambao watu wa Rakai waliuita "slim" kwa jinsi ulivyomkausha mgonjwa. Ng'ambo ya mpaka, mkoani Kagera, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walikuwa wameripotiwa 1983. Kwa miaka iliyofuata, mtu aliyepungua alinong'onwa. Walikuwepo waliovaa nguo mbili mbili ili waonekane wamejaa. Kunenepa kulikuwa cheti cha afya, na cheti hicho kilikuwa cha uongo, kwani wengi waliokuwa na virusi walikuwa bado wamenona.

Leo cheti kimegeuzwa upande wa pili, kwa ujinga ule ule. Aliyepungua hapongezwi kwa lolote analolijua mpongezaji. Anapongezwa kwa namba. Lakini kupungua bila kukusudia ni miongoni mwa dalili nne ambazo mhudumu wa afya huuliza anapochunguza kifua kikuu, pamoja na kikohozi, homa na kutokwa jasho usiku. Ni dalili ya kisukari ambacho hakijagunduliwa, hasa ikifuatana na kiu na kukojoa mara kwa mara. Ni dalili ya tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, na ya saratani kadhaa. Madaktari hushtuka mtu anapopoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kujua sababu. Kwa mtu wa kilo 80 hizo ni kilo 4, kiasi kinachomtosha kupata makofi ya wiki nzima na ombi la "tupe siri".

Wapo wanaojibu kwamba aliyepungua kwa ugonjwa atajijua. Hajijui kila mara. Aliyeanza kupunguza chakula Januari na kuona kilo zikishuka kwa kasi Machi ana maelezo tayari, na maelezo hayo humfurahisha. Kiu yake ataitafsiri kuwa matunda ya mazoezi. Uchovu atauita nidhamu. Mizani, ambayo ingekuwa mlango wa kumpeleka kliniki, inamfungia nje kwa kumsifu.

Na yuko aliye upande wa pili, binti wa kidato cha tatu anayepanda mizani mara tano kwa siku, kabla na baada ya kunywa maji. Kwa wanaoamini kwamba namba ni ukweli mtupu, huyu ndiye mfuasi mwaminifu kuliko wote.

6. Lile daftari la Marekani

Inabaki hoja yao nzito. Kweli, robo tatu ya walioandikishwa kwenye daftari lile hujipima kila wiki. Lakini ni watu waliojitolea wenyewe kuandikishwa, na sharti la kuandikishwa ni kuwa wameshafaulu. Waliojipima kila asubuhi na kilo zikawarudia zote hawamo. Hakuna daftari lao. Tena daftari hilo hilo linaeleza kwamba karibu asilimia 90 ya wanachama wake hufanya mazoezi, kwa wastani wa saa moja hivi kila siku. Takwimu hii haitajwi kwenye makundi, na haishangazi: kupanda mizani huchukua sekunde tano.

Hata hivyo, kuna wagonjwa ambao madaktari huwaagiza wajipime nyumbani kila siku, bila mzaha wowote. Ni wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri. Maelekezo yao ni ya kina kuliko ya gym yoyote: asubuhi, baada ya haja ndogo, kabla ya chai, kwa nguo zile zile nyepesi, mizani ile ile isiyosogezwa, sakafu ngumu, na namba iandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Kinachotafutwa pale ni maji. Kilo zaidi ya mbili ndani ya siku tatu humaanisha mwili unayalimbikiza, pengine kwenye mapafu, na mgonjwa apige simu. Matumizi ya kitabibu yanayoiheshimu zaidi mizani ya nyumbani yanaitumia kwa kitu ambacho waumini wake husahau kwamba ndicho inachopima. Na hata hapo namba haiachiwi iseme peke yake. Muuguzi akipokea simu ile haulizi mgonjwa alikula nini jana. Anamuuliza kama viatu vinambana, na usiku analalia mito mingapi.